Nusu Kijiko

Bango la kwanza lilikuwa zuri.
Nasema bila aibu, kwa kuwa nililipenda:
samawati ikiyeyukia kijani taratibu,
mama akitabasamu, mtoto kifuani,
herufi nyembamba kama uzi wa buibui,
na pembeni, kwa madaha, vijiko saba
vimepangwa nusu duara kama shanga.
Mwenye duka la chapa, ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
alirudi nyuma hatua mbili, akapiga mluzi.
"Hili," akasema, "moja tulitundike dirishani."

Tulichapa mia mbili.
Yakaenda Mukuru, kwenye zahanati ya mabati,
yakabandikwa juu ya ndoo za maji.

Alhamisi simu ikalia. Sista Mumbua.
Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.
"Njoo," akasema, "uone kijiko chako."

Nikaenda. Tope la Aprili lilinivua kiatu.
Kwenye benchi alikaa Kwamboka, bintiye mapajani,
macho ya mtoto yamedidimia, midomo mikavu kama karatasi.
Kwamboka alikuwa amelifuata bango langu
kule macho yalikomvuta:
chumvi, vijiko sita.
Sukari, nusu.
Sista aliudaka mkono wake
kikombe kikiwa kimekaribia mdomo wa mtoto.

"Unajua kusoma?" nikamwuliza, mpumbavu mimi.
"Najua," akasema. "Na wewe, unajua kuandika?"

Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta, nikaanza kufuta.
Nikamfuta mama. Tabasamu lake lilikawia kuondoka.
Nikafuta samawati, nikafuta kijani,
nikafuta kivuli chini ya herufi,
kivuli nilichojifunza kwa miezi minne.
Nikafuta "mchanganyiko maalumu", nikafuta "wazazi wapendwa",
na nembo tatu za wafadhili nikazisukuma chini
mpaka zikawa ndogo kama chawa
(watalalamika, nilijua; na walilalamika).
Kila nilichokitoa kilinishika shati.

Kilichobaki:
lita ya maji yaliyochemshwa.
Sukari, vijiko sita vya chai, vyeusi, bapa, mstari mmoja.
Halafu nafasi.
Nafasi tupu, pana, ya kuvutia pumzi,
ambayo mwenye duka aliiita hasara ya karatasi.
Halafu chumvi: kijiko kimoja, peke yake kama yatima,
kimepigwa mstari katikati,
nusu nyeusi, nusu nyeupe.

Nikachapa moja, nikashuka nalo ngazi.
Otiende, fundi wa pampu, mikono grisi mpaka kiwikoni.
Nikahesabu hadi tano, nikaligeuza.
"Maji sijaelewa kiasi gani," akasema.
Nikapanda. Nikaifuta lita, nikachora chupa mbili za nusu lita,
zile zinazotapakaa kila mtaro wa mji huu.
Nikashuka. Mlinzi alikwama kwenye sukari.
Nikapanda. Magoti yakanilaani.
Mara ya nne Otiende hakungoja hata nifike tano:
"Chupa mbili, sukari sita, chumvi nusu.
Kwani nani anaumwa?"

Juni nilipita tena Mukuru.
Bango lilikuwa limepata doa, kona moja imejikunja.
Mwanamke nisiyemjua alitupa jicho ukutani,
akahesabu kwa midomo bila sauti,
sita,
akakifuta kijiko kwa kanga,
akachota chumvi, akapunguza nusu,
akakoroga.
Hakutazama juu tena.
Hakuna aliyesema bango ni zuri.
Binti ya Kwamboka alikuwa mlangoni
akikigombania kifuniko cha ndoo na mwenzake,
akipiga kelele za mtu mwenye afya.

Lile la kwanza bado liko dirishani, ghorofa ya tatu.
Wateja husimama, hulisifu,
huuliza ni nani aliyechora.
Mpaka leo hajatokea hata mmoja
wa kuniambia chumvi ni kiasi gani.